Kengele ni Hodi

Mwenyekiti, maafisa wa misitu mliofika, wazee wa mitaa inayopakana na msitu, wakimbiaji, akina mama wa matembezi ya alfajiri, na ninyi wenzangu wa baiskeli mliojaza viti vya nyuma, hamjambo.

Nianze na kosa langu, maana humu ndani wamo wanaolijua na sitaki linong'onwe huku nimesimama hapa. Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili asubuhi, nilikuwa nateremka kijia chembamba katika msitu mmoja wa jiji hili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi limetulia, tairi zinashika vizuri. Nilipinda kona iliyozibwa na kichaka cha lantana, nikamkuta shosho na mjukuu wake katikati ya njia. Nikafunga breki zote mbili. Sikuwagusa. Lakini shosho aliruka pembeni akaangukia mizizi, akachubuka goti na kiganja, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Niliomba msamaha, nikamwinua, nikawasindikiza hadi getini nikiisukuma baiskeli. Njia nzima hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani kwenu mtu akifika nyumbani kwa watu hapigi hodi?"

Baiskeli yangu haikuwa na kengele siku hiyo. Nilikuwa nimeifungua na kuiweka kabatini, kwa kuwa ilikuwa ikilialia kwenye mashimo na kunikera.

Leo nimekuja kuomba jambo ambalo shosho yule angekuwa na haki ya kulipinga. Naomba baiskeli ziruhusiwe kwenye vijia vingi zaidi vya misitu yetu ya Nairobi, tukianza na vichache, kwa majaribio, na kwa masharti ambayo mtembeaji ndiye atakayekuwa na neno la mwisho.

Lakini kabla mtu hajaomba kiti, aangalie kwanza ni nyumba ya nani. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimekwisha kugawiwa wajenzi wa majumba. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda mti, wakavamiwa na genge la vijana, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani. Hata baada ya ujenzi kuzimwa, msitu ulibaki mahali pa kuogopwa. Ninyi wazee mnakumbuka hakuna aliyeingia mle peke yake akiwa na akili timamu. Ni mwaka wa 2009 ndipo chama cha Friends of Karura kilipoanza, kikashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, ukajengwa uzio wa umeme, vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kulinda, na hatimaye familia zikarudi. Leo tuna zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji kuu, na mtoto anaweza kuona mbega juu ya mti kisha arudi nyumbani kwa matatu.

Kwa hiyo sisi wa baiskeli hatukuuokoa msitu huu. Uliokolewa na watu wa miguu, tena waliobeba miche mikononi. Nawaambia wenzangu jambo hili kila mara, kwa sababu nimewasikia wengine wakidai njia kana kwamba ni deni tunalodai. Hatudai. Hata hivyo, Katiba yetu ya 2010, ibara ya 69, inataka wananchi washirikishwe katika kusimamia na kulinda mazingira, na sheria ya misitu ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kuketi meza moja na serikali kupitia vyama vya misitu. Mwenye baiskeli ni mwananchi kama mwingine, naye ana haki ya kuvuta kiti kwenye meza hiyo, mradi akubali kuwakuta wenzake wamekwishaketi.

Kuna anayeuliza: mnataka nini zaidi, na baiskeli zinaingia tayari? Ni kweli zinaingia. Karura zinaruhusiwa, na asiye na yake hukodi. Kule Hell's Gate, Naivasha, mtu anapita kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga bila gari. Lakini kwa sehemu kubwa tunapitishwa barabara pana za msitu, zile za kupitisha magari ya doria. Na hapa nitasema neno ambalo huenda likawashangaza: barabara pana ndiyo inayozaa mwendo. Mpe kijana barabara ya mita tano, imenyooka na inateremka, atainamisha kichwa na kuachilia breki. Mpeleke kwenye kijia cha upana wa mikono miwili, kinapinda kila hatua ishirini, kina mzizi hapa na jiwe pale, atakwenda polepole kwa sababu njia yenyewe haimruhusu vinginevyo. Mwenda pole hajikwai, na kijia kizuri humfanya mtu awe mwenda pole hata kama hakuzaliwa hivyo.

Kosa langu na shosho lilitokea kwenye kijia chembamba, najua, na nitalirudia. Kijia kile kilikuwa kimenyooka kabla ya kona, na kona yenyewe ilikuwa kipofu.

Kwanza niseme kwa nini vijia vina maana kwetu, nisije nikazungumza kama fundi tu. Baba yangu alikuwa na Black Mamba. Alipeleka maziwa kwa baiskeli hiyo saa kumi na moja asubuhi, mitungi miwili imefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, na mimi nilijifunza kuendesha nikiwa nimepitisha mguu chini ya mtaimbo kwa sababu nilikuwa mfupi, sikifikii kiti. Nilijifunzia kwenye vijia vya mashamba ya kahawa. Hakukuwa na lori wala matatu ya kuniminya. Mtoto wa Huruma au Githogoro leo ajifunzie wapi? Kiambu Road? Limuru Road saa moja asubuhi? Nimewazika watu wa baiskeli kwa sababu ya barabara hizi za jiji, na sitawataja majina kwa heshima ya familia zao. Msitu ndio mahali pekee karibu na mtoto huyo ambapo hakuna gari nyuma yake.

Na msiseme huu ni mchezo wa kigeni usiotuhusu. Pale Kikuyu, David Kinjah aliwakusanya vijana wa kijiji, akawafundisha kutengeneza baiskeli na kuziendesha kwenye njia za vumbi. Mmoja wa waliomfuata alikuwa kijana mwembamba aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, Chris Froome. Alianza na baiskeli ya milimani, akiwafuata Kinjah na vijana wake kwenye vilima. Baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wengine wa kundi lile hawakufika Ufaransa, lakini walipata ufundi unaowalisha mpaka leo, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko jezi ya manjano ya mshindi. Majirani zetu hawakulala. Kigali mwaka wa 2022 walifungua bustani ya Nyandungu kwenye ardhi oevu iliyokuwa imechakaa, hekta 121, wakaweka njia za miguu na za baiskeli tangu kwenye mchoro wa kwanza. Sisi tunajaribu kupanga baada ya watu kuzoea, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Ugumu wake unaonekana mahali mchezo huu ulipozaliwa. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene wakaanza kushuka nazo kwenye miteremko ya Mount Tamalpais. Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye barabara ya vumbi waliyoiita Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, ikabidi kitovu cha gurudumu kijazwe grisi upya. Raha ilikuwa kubwa, na hakuna aliyewauliza watembeaji. Hasira ikaja, vijia vyembamba vikafungwa kwa baiskeli, walinzi wakawa wanavizia na vipima mwendo. Takriban miaka hamsini imepita, na watu wa mlima ule bado wanabishana, wengine ni wajukuu wa waliogombana mwanzo. Sitaki Nairobi irithi ugomvi wa namna hiyo.

Linganisheni na Uingereza. Sheria yao ya mashambani ya mwaka 1968, kabla hata baiskeli ya milimani haijakuwepo, iliwapa wapanda baiskeli haki ya kupita kwenye njia za farasi, na papo hapo ikawaamuru wawapishe watembeaji na wapanda farasi. Haki na wajibu viliandikwa katika kifungu kimoja. Napenda sana jambo hilo. Aliyepewa njia alipewa pamoja na adabu ya njia, hakuweza kuchukua moja akaacha nyingine.

Sasa nije kwenye pingamizi, na nianze na la udongo, kwa sababu ndilo linaloletwa na watu wanaoupenda msitu kweli.

Mnasema tairi zitachimba. Swali hili limepimwa. Mwaka wa 1994, huko Montana, Marekani, watafiti walipitisha farasi, pikipiki, baiskeli na watu wa miguu juu ya njia zile zile, kisha wakamwaga maji na kupima udongo uliobebwa. Kwato na miguu vililegeza udongo zaidi kuliko magurudumu, farasi wakiongoza. Mwaka wa 2001, Ontario, Kanada, wengine walipitisha baiskeli na watembeaji mpaka mara 500 kwenye sakafu ya msitu, wakakuta madhara kwa mimea na udongo hayatofautiani sana. Wenzangu huzitaja tafiti hizi kwa furaha, kisha wanakaa chini. Mimi siketi hapo. Montana si Karura. Udongo wetu mwekundu ukilowa unanata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, na kijia cha jiji kinapitwa na watu wengi mno kuliko mara 500. Tena kuna jambo moja ambalo mguu haulifanyi: tairi iliyofungwa breki ikaburuzwa huchora mfereji mrefu usiokatika, na maji yakipata mfereji hayaulizi nani aliuchimba. Mvua moja ya Aprili inaugeuza kuwa korongo la kumfika mtu magotini.

Kwa hiyo adui yetu sote ni maji yanayokimbia juu ya njia. Na dawa yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kulima shamba la mteremko. Kijia hakitakiwi kushuka moja kwa moja kama ngazi. Kinatakiwa kukata ubavu wa kilima, na mwinamo wake usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe. Ukingo wa chini uwe umelala kidogo kuliko wa juu, ili maji yavuke njia na kuendelea zake badala ya kuifuata. Na kila baada ya hatua kadhaa njia ipande kidogo kisha ishuke, ili hata maji yaliyokaidi yatoke hapo. Jembe, reki, na watu wanaojua wanachofanya, basi. Vijia vyetu vingi havikuchorwa na mtu yeyote; vilianzishwa na watu waliokata kuni, vikashuka pale palipokuwa karibu zaidi. Hivyo vinamomonyoka hata leo, bila baiskeli. Tukipewa ruhusa tutavitengeneza, na mtembeaji atakuwa wa kwanza kufaidi siku ya matope.

Na wakati wa masika vifungwe kabisa kwa baiskeli. Hapa najua baadhi ya wenzangu wananikunjia uso. Kunjeni tu. Anayependa njia huiacha ipumzike.

Pingamizi la pili ni mwendo, na hapa ndipo ninarudi kwa shosho. Mtu anayeteremka kwa kilomita 30 kwa saa anakula zaidi ya mita nane kila sekunde. Kama kona inamwonyesha mita kumi tu mbele yake, ana sekunde moja na kidogo ya kuona, kufikiri na kusimama. Hawezi. Hata awe bingwa, hawezi. Akiwa kwenye kilomita 10 kwa saa ana muda wa kutosha, na hata wa kusema "habari za asubuhi". Mtembeaji naye haogopi kugongwa peke yake. Anaogopa kushtushwa. Alikuja msituni kwa ajili ya utulivu, na utulivu ukivunjwa mara tatu asubuhi moja, hata kama hakuguswa, hatarudi kesho. Tusimwambie kwamba takwimu za ajali ni ndogo. Hakuja kuhesabu ajali.

Ndiyo maana nasema kengele ni hodi. Kwetu mtu hapigi hodi akiwa amekwisha kuingia sebuleni. Anapiga akiwa mbali, anasubiri, anasikia "karibu", ndipo anasogea. Nimeona wanaopiga kengele wakiwa mita mbili nyuma ya mtu, tena kwa fujo, maana yake "toka". Hiyo ni honi ya matatu, haina jina la hodi. Piga ukiwa mbali, punguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea, simama kabisa ukikuta mzee, mtoto au mbwa, na ukipita shukuru kwa mdomo.

Lakini adabu peke yake haitoshi, kwa sababu vijana ni vijana. Njia nayo ifundishe. Kwenye vijia tunavyoomba, baiskeli ziende upande mmoja tu, na ikiwezekana ziwe zinapanda pale penye watembeaji wengi. Anayepanda kilima hamtishi mtu, anahema mpaka unamsikia kabla hujamwona. Vichaka vya lantana kwenye kona vikatwe. Lantana si mti wetu na msitu hautaulilia. Kabla ya kila makutano yawekwe mawe mawili yaliyokaribiana, usukani upite kwa shida, ili mtu alazimike kupunguza. Na siku zigawanywe. Kule Colorado kuna hifadhi ya kaunti iitwayo Betasso ambako baiskeli haziruhusiwi kwenye mzunguko wake Jumatano na Jumamosi, na siku nyingine zote zinazunguka upande mmoja uliotangazwa. Mtembeaji asiyetaka kabisa kuona baiskeli ana siku zake, bila kugombana na mtu. Kwetu ningependekeza Jumapili asubuhi iwe ya miguu tu. Natoa Jumapili nikijua ndiyo siku tunayoipenda zaidi.

Kuhusu wanyama sitasema mengi. Pongo, na wale mbega waliohamishiwa Karura kutoka Kipipiri, wanahitaji vichaka visivyopitwa na mtu, na wenzetu wachache wamekuwa wakikata njia zao za siri ndani ya vichaka hivyo. Ni vibaya. Hatutamtetea atakayekamatwa.

Limebaki lile lisemwalo kwa sauti ya chini, kwamba hizi ni baiskeli za matajiri. Ndugu zangu, limeniumiza kwa sababu lina ukweli ndani yake. Jumamosi ukiangalia mahali pa kuegesha magari utaona baiskeli yenye bei ya shamba. Kama tunaomba vijia kwa ajili ya hao peke yao, msitupe. Ndiyo sababu sharti letu la kwanza ni hili: kila kijia kitakachofunguliwa kiwe na saa za watoto wa mitaa ya jirani, kwa baiskeli zilizotengenezwa na mafundi wetu, na helmeti zetu, bila malipo kwao, na watu wazima wawili wakiwasimamia. Vijana wanaokarabati njia walipwe kutokana na michango ya wapanda baiskeli. Wenzangu mmekubali jambo hilo kwa kuinua mikono katika kikao chetu, nami nawakumbusha mbele ya mashahidi.

Mwenyekiti, ombi letu lipo mezani kwako. Ni vijia vitatu, kwa mwaka mmoja, vilivyofungwa kipindi cha masika. Kamati ya kuviangalia iwe na watembeaji wengi kuliko wapanda baiskeli, na iwe na uwezo wa kukifunga kijia chochote siku hiyo hiyo bila kutuomba maelezo. Kabla ya kufunguliwa tupige picha za udongo mahali palipowekwa alama, na tupige tena kila baada ya miezi mitatu, ili mwisho wa mwaka tubishane juu ya picha tukiziona.

Na kwa walio tayari, Jumamosi saa moja asubuhi tutakikagua kile cha kwanza kwa miguu. Njooni na viatu vya matope, majembe tunayo. Shosho yule nilimtafuta, nikampata kupitia binti yake, na amekubali kuja. Mjukuu sasa amekuwa mrefu kuliko mimi. Nimemwomba shosho asimame nyuma ya kila kona huku sisi tukija polepole kutoka juu, tukipiga kengele, naye anyanyue mkono pale anapoisikia kwa mara ya kwanza. Tutachomeka kigingi pale baiskeli ilipokuwa mkono ulipoinuka. Kona ambayo kigingi chake kitakuwa karibu mno, hatutaiomba.